Dhahabu ya kwetu nimeikuta Lisbon

Mi sikwenda Lisbon kutafuta historia, niseme ukweli tu. Ilikuwa Novemba 2018, nilipelekwa semina ya kazi ya siku tano, mambo ya uvuvi mdogomdogo, ukumbi wenyewe hauna hata dirisha, na ilipoisha Jumamosi nikawa na siku tatu za bure maana tiketi ya bei ya chini ilikuwa ya Jumanne usiku. Nikasema sawa, nitapiga picha, nitanunua zile sumaku za kubandika kwenye friji, nirudi zangu Dar. Kwenye semina tulikuwa wawili tu tunaoongea Kiswahili, mimi na dada mmoja wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, babake alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa hiyo ukikosea neno mbele yake umekwisha. Na yeye ndege yake Jumanne. Basi tukaungana.

Jumapili tukaanza na kitu ambacho kila mgeni anaanza nacho, tramu namba 28. Ni kibehewa kimoja cha njano, kifupi, ndani mbao tupu, kinapanda vilima vya mji huku kinalialia, kinapita vichochoro ambavyo ukitoa mkono dirishani unagusa ukuta wa nyumba ya mtu. Tulipanga foleni pale Martim Moniz karibu saa nzima, kuingia ndani ni daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni kweli tena, tofauti ni kwamba hakuna konda wa kukwambia sogea nyuma. Kuna matangazo yamebandikwa, jihadhari na wezi wa mifukoni. Nikayasoma vizuri kabisa, nikahamishia pochi mfuko wa ndani wa koti, nikajiona mjanja. Tunashuka, naingiza mkono mfuko wa suruali, leso hakuna.

"Dada, wameniibia leso!"

Akasimama katikati ya njia ananitizama. "Leso? We kaka, wavaa leso ndani ya suruali?"

Maana kwao leso ni hii sisi tunaiita kanga, na kwetu leso ni kile kitambaa cha kufutia jasho. Tulicheka mpaka watu wakawa wanatukwepa. Halafu akaniambia wala usihuzunike, neno lenyewe la Wareno hilo, wao wanasema lenço, "wameichukua yao wakenda zao."

Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu. Mchana tumeingia kula sardini, mhudumu anauliza "mesa para dois?", meza ya watu wawili, tukatazamana. Menyu imeandikwa ananás, vinho. Juu ya ngome ya São Jorge kuna bandeira inapepea. (Ile ngome ni nzuri, kuna tausi wanatembea hovyo kama kuku wa kienyeji na unauona mto Tejo wote na mapaa mekundu, lakini upepo wake wa Novemba sikutegemea.) Dada akasema hapo kabla ya 1147 walikuwa Waislamu ndo wenye mji, na mtaa wa chini yake Alfama jina lake la Kiarabu, linahusu maji ya moto, kama sisi tunavyosema hamamu. Tukashuka na vichochoro vya Alfama, nguo zimeanikwa madirishani, bibi kakaa mlangoni na kigoda chake, mi nikahisi nipo Stone Town iliyowekewa vilima. Kwenye kona moja kuna kibao kimeandikwa IGREJA na mshale.

"Soma," ananiambia.

"Igreja."

"Sasa ondoa i ya mwanzo."

Jamani. Gereza. Kumbe kwao maana yake kanisa. Akanieleza ngome zao zilikuwa na kanisa ndani, watu wetu wakaliita jengo zima kwa jina la kanisa, baadae majengo yaleyale yakawekwa wafungwa, hata Fort Jesus yao Waingereza waliifanya jela mpaka 1958, basi neno likabaki kwenye kufungwa. Mi nikanyamaza kidogo maana nimezaliwa Kilwa Masoko, na bibi mzaa mama anaishi Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji, na pale ufukweni ukishuka tu kwenye mashua unaikuta ngome inaitwa Gereza. Wareno walianza kujenga pale 1505, Waomani wakaja kuijenga upya. Utoto wangu wote nikienda likizo kwa bibi nilijua pale walikuwa wanafungwa watu, na usiku nilikuwa siendi upande ule hata unipe nini.

Lifti ya Santa Justa hatukupanda, foleni. Ni mnara wa chuma wa 1902 unaokutoa mji wa chini kukupeleka mji wa juu, ila ukizunguka kwa mguu unafika kwenye daraja lake la juu bila foleni, na hapohapo lipo kanisa la Carmo ambalo halina paa tangu tetemeko la 1755. Lilipiga asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wapo makanisani, halafu bahari ikaja, halafu moto. Mji wa chini ulijengwa upya wote, ndo maana mitaa ya kule imenyooka kama imepigwa rula, ila hili kanisa nguzo na matao yapo, juu ni mbingu. Nilikaa pale nikakumbuka msikiti mkuu wa Kisiwani, nao upande mmoja hauna paa, mbuzi wanaingia.

Jumatatu ndo tulifanya ujinga. Tukachukua tramu namba 15 mpaka Belém, kule mwisho karibu na mto unapoingia baharini, ndo kuna vitu vikubwa vyote. Tumefika, monasteri ya Jerónimos imefungwa. Mnara wa Belém umefungwa. Kumbe Jumatatu makumbusho yao mengi hayafunguliwi, na hiyo ipo kwenye kila kitabu cha mgeni, sisi hatukusoma. Mvua nayo ikaanza manyunyu na zile njia zao za vijiwe vyeupe na vyeusi zikilowa zinateleza kama kambale, niliruka chali mbele ya basi la watalii wa Kichina, mkono ukauma siku mbili. Dada alinishika huku anacheka, "Pole kaka yangu, pole," machozi yanamtoka.

Basi tukauzunguka mnara kwa nje tu. Kuna kona moja ukiangalia kwa makini kuna kichwa cha kifaru kimechongwa kwenye jiwe, kimeliwa na upepo hakionekani vizuri, inasemekana ni kwa ajili ya kifaru aliyeletwa kwa meli kutoka India 1515 kama zawadi kwa mfalme wao Manuel. Tukaenda kwenye lile sanamu kubwa la wavumbuzi, umbo la jahazi la mawe na watu 33 wamejipanga juu yake, wa mbele kabisa Prince Henry, mwana wa mfalme wao aliyekuwa akituma meli, Vasco da Gama yumo. Mi nilidhani ni la kale sana kumbe la 1960. Chini yake sakafuni kuna ramani ya dunia ya marumaru imezungukwa na dira kubwa ya upana wa mita 50, Afrika Kusini ile ya ubaguzi ndo iliwapa zawadi. Watu wanatembea juu yake na miamvuli. Tukaanza kuitafuta pwani yetu, tukaipata, dada kasimama kwake mi nimesimama kwangu, kati ya Mombasa na Kilwa futi moja haifiki, tukapigwa selfi na mvua inanyesha. Ukitaka kwenda Lisbon kutoka pale ni hatua chache tu kwa mguu.

Siku ikaokolewa na vile vitobosha vya Belém, duka lipo tangu 1837, jirani na monasteri. Ni kibakuli kidogo cha unga mkavu unaovunjikavunjika, ndani uji mzito wa mayai uliounguzwa juu, unanyunyizia mdalasini mwenyewe. Nilikula vinne. Dada alikula viwili akafunga vinne vya kupeleka Mombasa na sidhani kama vilifika.

Jumanne asubuhi tukarudi mapema, mabegi tumeacha hoteli. Kanisa la Jerónimos kuingia ilikuwa bure, na ukiingia tu mkono wa kushoto ndo amelala. Vasco da Gama. Kaburi la mawe meupe, sanamu yake juu imelala chali viganja vimeunganishwa kama anaomba, ubavuni wamechonga jahazi. Alifia Cochin kule India mwaka 1524, hapa amehamishiwa karne ya kumi na tisa. Upande wa pili Camões, mshairi wao mkuu, ambaye utenzi wake una Mombasa na Malindi ndani. Watalii wamejaa, kila mtu anataka picha na Vasco.

Dada alisimama miguuni pake muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Wazee wetu walipiga mbizi usiku wende wakamkatie kamba za nanga. Wallahi lau zingekatika." Kimya kidogo. "Na wale wa Malindi wakampa mtu wa kumuonyesha njia ya India. Ningekuwa na Mmalindi hapa saa hizi ningemgombeza." Mi nilishindwa kujizuia, nikacheka kanisani, mlinzi akatukata jicho.

Sasa hilo kanisa na monasteri yake, nguzo zimechongwa kama kamba za meli zimesokotwa, dari kama matawi ya mitende, ni kazi kwelikweli sitaki kusema uongo, nilikaa shingo imeinama nyuma mpaka ikauma. Mfalme Manuel aliijenga kwa kodi ya mali iliyotoka Afrika na India. Dada ndo alisoma hilo kwenye kibao halafu akanigeukia. "Kaka Kilwa, bado saa ngapi twende uwanjani? Kuna kitu chako mahali, babangu alikuwa akikisema sana, sijakiona nami."

Tukashuka njiani kwenye tramu ileile ya 15, tukapanda ngazi mpaka makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Hapa hakuna foleni. Nililipa euro 6 nikaingia. Vyumba na vyumba vya picha za watakatifu, mi nachoka, miguu inauma, nataka kukaa. Halafu kwenye sehemu moja yenye giza kuna kabati la kioo lenye taa ndani na kitu kinang'aa.

Kinaitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha kuwekea ile mkate wao mtakatifu, urefu sentimita 73, dhahabu na rangi, ukikiangalia ni kama kanisa zima dogo lenye minara. Katikati wanafunzi 12 wa Yesu wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake na nguo ya rangi yake, vidogo kama punje za karanga, juu yao njiwa mweupe ananing'inia. Fundi alikuwa Gil Vicente. Na kwenye kitako maandishi yamezunguka, ya kizamani, u imeandikwa kama v, dada akainama kusoma, la kwanza alilolidaka ni MVITO, akaruka, "Mvita!", jina la kale la Mombasa yao. Haikuwa Mvita, ni muito tu, yaani sana, mfalme mtukufu sana. Tukazunguka kabati taratibu tunafuata herufi. Mi ndo nililiona. QVILVA.

Kilwa. Imeandikwa kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizwa 1506. Vasco alikuja na merikebu 1502, akatishia kuuchoma mji, Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akatoa mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito), ikafika Lisbon 1503. Na 1505, fundi bado yupo mezani anagonga, Almeida, mkuu aliyetumwa na mfalme kwenda kutawala India, akaja na kundi lake wakauvunja mji, japo kodi ile ya 1502 ilikuwa imelipwa. Kwa hiyo siku kimekamilika hiki chombo, kule kwa bibi kulikuwa kumeshavunjwa.

Sijui nilikuwa nataka kufanya nini, nilijikuta nimeweka kidole kwenye kioo palepale kwenye jina. Mlinzi mama mmoja mnene akaja mbio, usiguse kioo. Dada akamwambia kwa Kiingereza, huyu ni wa hapo, anatoka hapo palipoandikwa. Yule mama akaangalia maandishi, akaniangalia mimi, akaangalia tena maandishi. Akasema kwa upole, sawa, lakini asiguse kioo.

Tulikaa pale dakika arobaini, tuliwahesabu, waliopita ni watu kumi na moja. Mmoja alikuwa anauliza choo.

Uwanjani tukaagana, dada akanipa leso, ile ya kwangu sio ya kwao, alininunulia kwenye duka la zawadi ina jogoo wa Kireno. Nikampigia bibi Kisiwani, kule saa mbili usiku, ameshaswali isha. Nikamweleza yote, kanisa, kaburi, vijitu kumi na viwili, jina la Kilwa. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Ni nyingi?"

"Nyingi bibi. Unaweza ukaibeba kwa mikono miwili, ila nzito."

"Na wameiweka vizuri?"

"Vizuri sana. Kwenye kioo, na mlinzi."

Kimya tena. "Na we mume wangu, umelipa kuingia?"

Nikamwambia nimelipa bibi, euro 6. Alicheka yule bibi, alicheka mpaka akaanza kukohoa, mjomba akamnyang'anya simu anauliza kuna nini huko.