Jinsi tulivyotatua tatizo la vidonge vya mama vya kupunguza maji mwilini

Mama, ambaye tunaishi naye Igoma, Mwanza, ana shinikizo la juu la damu na miguu huvimba, na furosemaidi aliyoandikiwa alikuwa akiimeza jioni; kwa kuwa dawa hiyo huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na kuendelea kwa takribani saa 6, usiku wake wote ulikuwa wa kwenda chooni. Mfamasia alimshauri aimeze asubuhi, na usingizi ukarudi.

Kizunguzungu na kukazana kwa misuli vilibaki, mpaka kipimo cha damu kilipoonyesha potasiamu, madini ambayo furosemaidi huyatoa kwa mkojo, imeshuka, na daktari akarekebisha dozi. (Ndizi husifiwa kupita kiasi kama chanzo cha potasiamu, na mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia spironolaktoni, dawa nyingine ya kupunguza maji ambayo huzuia potasiamu isitoke, asiongeze potasiamu bila kuuliza.)

Uvimbe nao ulichochewa na kayabo, samaki wa kukaushwa, kwa chumvi yake nyingi, pamoja na diklofenaki, dawa ya maumivu aliyonunua kwa ajili ya magoti, ambayo hudhoofisha kazi ya furosemaidi na huweza kuumiza figo. Sasa anakula sato wabichi, anatumia parasetamoli, na hupima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, tunakwenda kliniki badala ya kumwongezea kidonge wenyewe.