Kuruhusiwa siyo kupona: mwaka wa kwanza wa mapacha wetu, Newala

Siku tuliporudi nyumbani kutoka hospitali tulipokelewa kwa vigelegele. Mama mmoja wa jirani akaniambia, "Baba Kulwa, hongera, sasa mmeshapona." Nilimshukuru. Ila nesi aliyetuandikia ruhusa asubuhi ile alikuwa ametuambia jambo tofauti kabisa: mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu anatoka wodini hatari ikiwa bado inamfuata, na mwaka wote wa kwanza ni wa kumwangalia kwa macho mawili. Habari za wodini watu huzisimulia sana. Za baada ya pale husikii, na kwetu ndiko kazi ilikokuwa.

Kulwa alizaliwa na kilo 1.9, Doto kilo 1.6. Wote wasichana. Mtoto aliye chini ya kilo 2.5 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na aliye chini ya kilo 1.5 ana uzito pungufu sana, kwa hiyo Doto alilikwepa kundi la pili kwa gramu mia moja tu. Walikuja mwezi wa Mei, mimba ikiwa na wiki 33. Sababu kwetu hazikuwa za kutafuta: mimba ya mapacha mara nyingi haifiki mwisho, na mke wangu damu yake ilikuwa chini tangu mwanzo ingawa alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu. Kuna wengine huku kwetu wanaopata mtoto mdogo kwa sababu ya malaria ya mimba, presha, au mimba kufuatana karibu karibu. Bahati tuliyoipata ni kwamba uchungu ulipoanza tuliwahi hospitali, akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya watoto, na zikapata muda wa kufanya kazi kabla hawajatoka.

Bibi mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mtoto wa miezi saba anaishi, ila wa miezi minane haishi. Nilipomuuliza nesi, alicheka. "Baba, kila wiki anayoongeza tumboni ni faida kwake. Nani amekwambia nane ni ndogo kuliko saba?"

Nianze na baridi, kwa sababu ndiyo iliyotunyima usingizi. Wanaoijua Mtwara ya pwani tu watashangaa. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na Juni na Julai upepo wa usiku unakupenya mpaka mifupani. Mtoto mdogo hana mafuta mwilini ya kumkinga, joto linamtoka haraka. Akipoa, sukari yake inashuka, anachoka kunyonya, asiponyonya anazidi kupoa, na pumzi nayo inaanza kusumbua. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Tulinunua kipimajoto duka la dawa, lakini nesi alitufundisha pia kumgusa miguu na tumbo: miguu ikiwa ya baridi tumbo likiwa na joto, ameanza kupoa, vyote viwili vikiwa vya baridi, hiyo ni hatari.

Dawa yake ni njia ya kangaruu, kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto njiti na mashine za kuwatunzia hazikutosha. Lakini asiseme mtu kwamba hata leo ni njia ya maskini waliokosa mashine tu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linaishauri kwa watoto hawa kila mahali, kati ya saa 8 na 24 kwa siku, ianze mapema kadiri inavyowezekana. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi. Anawekwa wima kifuani, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili shingo isikunjike ikaziba pumzi, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha unamfunga kwa kitenge na kuvaa shati juu.

Hesabu ikawa rahisi: watoto wawili, vifua viwili. Mama yao alimchukua Doto kwa kuwa ndiye mdogo na anahitaji ziwa mara kwa mara, mimi nikapewa Kulwa. Mama mkwe hakupenda. Alisema mwanamume hafungwi mtoto kifuani, watu watasema binti yake amenilisha kitu. Sikubishana naye, mkwe habishiwi. Nilimwomba tu aje siku moja ya kliniki amsikie nesi kwa masikio yake. Aliporudi alikuwa ndiye anayenikumbusha: "Baba, mbona mtoto yuko kitandani?" Kijiweni mtani wangu aliniita "mama mdogo" mpaka msimu wa korosho ulipoanza. Mwache aite.

Kulikuwa na shida moja ambayo sidhani kama wa Dar es Salaam ataijua. Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, na mimi ni mkulima. Salfa ya unga inakaa kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye kope, na inawasha koo hata la mtu mzima. Huwezi kutoka shambani ukamweka kifuani mtoto mwenye mapafu ya wiki 33. Nguo za shamba zikawa zinalala banda la nje, nikifika naoga kwa sabuni hadi kichwani ndipo naingia. Maji kwetu ni ya kununua kwa ndoo kiangazi kikikolea, kwa hiyo kuoga huko kulikuwa na bei. Baadaye nikamlipa kijana anipulizie shamba, na nikikumbuka kifua cha yule mtoto sijutii hata senti.

Maziwa. Doto mwanzoni alilishwa kwa mpira wa puani, kisha kikombe, kisha ziwa lenyewe. Nyumbani kikombe kiliendelea kwa muda, kwa sababu alikuwa anavuta kidogo, anachoka, analala. Mtoto wa namna hii usimsubiri alie. Unamwamsha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mama anakamua, mimi nashika kikombe kidogo cha kahawa, kinagusa mdomo wa chini, mtoto analamba mwenyewe. Humimini, maana yakienda njia ya hewa umeleta balaa jingine. Chupa ya chuchu tulikatazwa, na hapo hatukuhitaji kushawishiwa: kuiosha vizuri na kuichemsha kwa maji ya ndoo ya kununua ni ndoto, na kuhara kwa mtoto wa kilo mbili si jambo la kuchezea.

Ushauri wa pembeni ulikuja mwingi. Maji ya mchango, eti tumbo linamsokota. Uji mwepesi, eti maziwa ya mama hayashibishi wawili. Mke wangu alikuwa na jibu moja kwa wote, kwa sauti ya upole: "Mzani utasema, shangazi." Na mzani ulisema. Wiki ya kwanza walipungua, jambo ambalo ni la kawaida, kisha wakaanza kupanda. Wakiwa wadogo vile hutegemewa waongeze kama gramu 15 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Kabla ya miezi mitatu Doto alikuwa na zaidi ya kilo 3.2, yaani mara mbili ya alivyozaliwa.

Kadi ya kliniki ina rangi za kijani, kijivu na nyekundu, na alama ya Doto ilianzia chini kabisa. Mzazi ukiona nyekundu unakata tamaa. Muuguzi wa zahanati alituonyesha cha kutazama: mstari unaelekea wapi. Mtoto aliyeanzia chini na mstari unapanda anaendelea vizuri. Aliye kwenye kijani lakini mstari umelala ndiye wa kumtafutia sababu.

Chanjo zao zilifuata tarehe ya kuzaliwa, siyo tarehe ambayo wangetakiwa kuzaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama wenzao, kisha surua na rubela miezi tisa. Niliona wazazi wanaochelewesha wakisema mtoto bado mdogo, akue kwanza. Mdogo ndiye anayeihitaji zaidi, kinga aliyochukua kwa mama ni kidogo kwa sababu sehemu kubwa hupita wiki za mwisho za mimba. Madini ya chuma nayo ni hivyo hivyo. Mtoto huweka akiba yake wiki za mwisho. Ambaye hakuzimaliza anaishiwa damu mapema hata kama ananyonya vizuri. Wetu walianza matone ya madini chuma wakiwa na miezi miwili, kwa kipimo kilichokuwa kinabadilishwa kila uzito ulipoongezeka.

Kukaa na kutambaa ni hesabu nyingine. Hapo unaondoa zile wiki walizowahi. Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi uleule alikaa mwenyewe wakati wetu wanaanguka kama viazi, na maneno yakaanza. Sisi tulihesabu kuanzia mwanzoni mwa Julai, siyo Mei, na kwa hesabu hiyo walikuwa sawasawa.

Sasa lile la Novemba. Korosho zimeiva, kila mtu yuko shambani kuokota, na Doto akapata mafua. Siku ya pili akawa anakohoa. Tulikuwa tumefundishwa kuhesabu pumzi: mtoto ametulia, unafunua kifua, unatazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima, saa ya simu mkononi. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi. Doto, miezi sita, alikuwa anapita 60, na chini ya mbavu pakawa panabonyea ndani kila akivuta hewa. Ziwa alilishika akaliacha.

Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema ni kimeo, kuna mzee anakata, mtoto anapona siku hiyohiyo. Mke wangu alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Kukata kimeo hakuponyi kifua, kunaleta damu na vidonda kooni kwa mtoto ambaye tayari hewa haimtoshi. Nilimpigia kijana wa bodaboda ambaye tulishakubaliana naye tangu Mei kwamba simu yangu ya usiku ataipokea. Hospitali ya wilaya walisema nimonia, wakampa oksijeni na sindano, na daktari alituambia wazi kwamba watoto waliozaliwa wadogo ndio wanaorudishwa sana na kifua mwaka wa kwanza, na wanazidiwa haraka kuliko wengine. Nauli na ya kula wodini ilitoka kwenye kopo ambalo tulikuwa tunaliwekea kidogo kidogo. Malipo ya korosho kutoka chama cha msingi yalikuwa hayajaingia. Kama una mtoto wa namna hii na unategemea zao la msimu, hilo kopo lisiguswe hata kwa mbolea.

Alipotoka, jiko la kuni lilihama. Awali mama mkwe alikuwa anapikia karibu na dirisha la chumba cha watoto ili awe anawasikia. Tulimjengea kibanda upande wa pili, upepo unakokwenda. Mvua za Desemba zilipoanza tukaingia kwenye mambo ya mbu na kuhara. Chandarua chenye dawa kilishushwa kabla ya magharibi, na homa yoyote ilikuwa ya kupimwa zahanati siku hiyohiyo. Mlangoni nilitundika kibuyu chirizi na sabuni: anayetaka kumbeba mtoto ananawa, mwenye mafua anawasalimia kutoka barazani. Wapo waliokasirika. Ndugu wawili wa upande wangu hawakurudi mpaka Idi.

Chakula kilipoanza miezi sita tulitumia vya kwetu: uji uliotiwa karanga zilizosagwa, kisamvu kilichopondwa laini, yai, samaki aliyechambuliwa miiba. Kulwa alikula kila kitu. Doto alitema wiki nzima, kisha akagundua kisamvu cha korosho na hapo ugomvi ukaisha.

Walipotimiza mwaka Kulwa alikuwa na kilo 8.6 na Doto 7.7. Kulwa anatembea kwa kushika ukuta, Doto anatambaa kwa kasi inayonitia hofu. Matone ya madini chuma bado wanaendelea nayo, na chanjo ya pili ya surua na rubela iko miezi 18.

Mama mkwe ameshaanza kuuliza lini tutawaletea mapacha hawa mdogo wao wa kiume. Kliniki walishauri ipite angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine, kwa sababu mimba za karibu karibu nazo huleta watoto wadogo. Mke wangu ameweka kijiti cha miaka mitatu. Swali la mama mkwe ameniachia mimi kulijibu.