Nilivyompeleka mamangu wa Lamu kuiona "Lamu" ya Florida

Mamangu ana miaka 68, magoti yamemchoka, na tangu azaliwe Lamu hajawahi kumwona simba. Mimi naishi Jacksonville, Florida, na mume na watoto watatu. Alipokuja kututembelea mwezi wa tisa mwaka jana, kazini nilipewa Jumamosi na Jumapili, basi. Orlando ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Nikasema liwalo na liwe: Jumamosi wanyama wa Disney's Animal Kingdom, Jumapili tamasha la chakula na mvinyo la EPCOT, zote mbili bustani za burudani za Disney World.

Nianze na pesa, maana ndizo zilizoninyima usingizi. Tiketi zetu zilikuwa za bustani moja kwa siku, kwa sababu zile za kuruka kutoka bustani hadi bustani ni ghali zaidi, na kwa magoti yale mama hangeruka popote. Mtoto wa chini ya miaka 3 huingia bure, na kitinda mimba wangu alikuwa na miwili na nusu. Kuanzia miaka 10 mtoto hulipa kama mtu mzima, na kifungua mimba alikuwa ametimiza 10 mwezi mmoja tu kabla. Nilimtazama kwa uchungu. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingizwa, kwa hiyo Ijumaa usiku mama alikaanga katlesi na mahamri, nikagandisha chupa za maji, tukajaza begi.

Jumamosi tulifika kabla lango halijafunguliwa. Mama alikataa kiti cha magurudumu. "Mimi si mgonjwa." Nikamwambia si chake, ni cha mikoba. Haikupita nusu saa, mikoba ilikuwa mapajani mwake na mume wangu anasukuma.

Sehemu ya Afrika ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Mama amefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31. Alisimamisha kiti mbele ya kibao. "Na e ya pili wameipeleka wapi?"

Wabunifu wake waliiga Lamu hasa, na ukipita mbio unaweza kudanganyika: kuta zilizochakazwa makusudi, rangi iliyobambuka, mabango ya Kiswahili yaliyofifia kana kwamba jua la miaka mingi limeyala, ilhali bustani yenyewe ilifunguliwa Aprili 1998. Mapaa yaliezekwa na mafundi wa Kizulu waliotoka Afrika Kusini, kwa hiyo ni nyasi, si makuti. Mama aliligundua hilo kabla sijamwambia. Kilichomshangaza zaidi ni upana wa njia. "Lamu gani hii? Punda wako wapi?" Kwetu punda akikujia na mzigo wa mawe unajibana ukutani na kuvuta tumbo ndani. Pale kiti cha magurudumu kilipita, na vigari vya watoto vikapishana nacho, na nafasi ikabaki.

Halafu akaona kibao cha Dawa Bar. "Hebu niulizie wana nini cha magoti." Ilibidi nimweleze kwamba dawa ya pale huja na barafu na ulevi. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

Kwenye wanyama tulikwenda mapema, na hilo ndilo jambo nililolifanya vizuri kuliko yote. Florida mwezi wa tisa, ikifika saa sita mchana, mnyama mwenye akili hujificha, na alasiri huja mvua ya radi. Kufika kama saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshakaa kwenye lori lililo wazi pande zote. Dereva akapaza sauti, "Jambo!" Lori zima likarudisha, "Jambo!" Mama peke yake akajibu, "Hatujambo, mwanangu, wewe hujambo?" Dereva akanyamaza kidogo, akacheka, akaendesha.

Mzunguko ni wa dakika 20 hivi. Tulimwona okapi, mnyama wa misitu ya Kongo ambaye hata mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Tukawaona ng'ombe wa Ankole na pembe zao kama matao ya mlango, na mume wangu, ambaye kwao ni Mbarara, Uganda, nchi ya ng'ombe hao, ghafla akawa mwalimu wa lori zima. Twiga alivuka mbele yetu, dereva akalazimika kungoja. Tulipofika kwenye viboko, watu wote wakasimama kupiga picha, wanapiga na vigelegele. Mama hakuinua simu. Marehemu mjomba alikuwa na shamba Mpeketoni, karibu na Ziwa Kenyatta, na usiku viboko walikuwa wakitoka ziwani kumlia mahindi. "Mwizi huyo," akasema, akageuza uso.

Simba dume alikuwa amelala juu ya jiwe, kichwa kikining'inia kidogo. Mama alimtazama bila kusema neno mpaka lori likapinda kona. "Kumbe mkubwa hivi."

Baadaye tulipita njia ya magorila, ambayo mpaka 2016 iliitwa Pangani. Watoto waliwapita magorila upesi, wakaganda kwenye kioo cha fuko wasio na manyoya, na kuwabandua pale ilikuwa kazi. Saa nane radi ilipoanza, sisi tulikuwa chumbani hotelini, mama amenyoosha miguu, amepaka mafuta ya mkaratusi.

Jumapili ilinitia hofu zaidi. Mama hali nyama ambayo hajui imechinjwaje, na tamasha lenyewe mvinyo umo mpaka kwenye jina. Nilinunua ile kadi ndogo ya malipo inayovaliwa mkononi, nikatia dola 120, nikamvisha mume wangu: ikiisha, tumeshiba. Kanuni yetu ilikuwa kibanda kimoja, sahani moja, vijiko vitano, na hapana kununua kabla mimi sijauliza. Vibanda hufunguliwa saa tano asubuhi, tukakusudia kula mapema, kwani jioni wenyeji wa Orlando humiminika. Kifungua mimba alipewa kile kijitabu cha bure wanachokiita pasipoti, kilichoorodhesha vibanda vyote, akawa ndiye afisa wetu wa uhamiaji.

Mabanda makubwa ya mataifa, mbali na vile vibanda vya chakula, ni 11, yamezunguka ziwa, na mzunguko ni karibu kilomita 2. Tulianzia Canada. Mimi nilikuwa nambadilisha mtoto nepi, na mume wangu, mtu wa njaa, akaagiza supu ya jibini bila kuuliza. Niliporudi nikauliza mimi. Bia imo. Nyama ya nguruwe imo. Aliitazama ile supu kama mtu anayeagana na ndugu bandarini. Tangu hapo kadi nikaivaa mimi, tukaendelea kwa samaki, kamba, mboga na vitamutamu.

Viti havikutosha. Watu pale hula wamesimama, sahani wameiweka juu ya pipa la taka, na mapipa kweli ni masafi, yana vifuniko bapa. Mama alikataa kata kata. "Nimepanda ndege nije nile jalalani?" Kiti cha magurudumu kikawa meza yake: trei mapajani, wajukuu wamemzunguka.

Kati ya banda la Uchina na la Ujerumani pana pembe ndogo ya Kiafrika yenye ngoma za watoto kupiga. EPCOT ilipofunguliwa mwaka 1982 palikusudiwa kujengwa banda kamili la Afrika, halikujengwa, ikabaki pembe hiyo. Kibanda chake kilikuwa kinauza githeri, kile chakula cha bara cha mahindi na maharagwe. Tukaleta sahani moja. Mama akachota, akatafuna taratibu, watoto wakimtazama mdomoni.

"Hizi ni mbaazi."

"Ndiyo, mama."

"Tui liko wapi?"

Kadi ilibaki na dola 9. Tulirudi nyumbani usiku, wote wamelala isipokuwa mimi na dereva wangu mwenye huzuni ya supu.

Jumatatu nilipotoka kazini nilikuta harufu ya nazi mpaka kwenye ngazi. Mama alikuwa amepata mbaazi kwenye duka la Wahindi, tui la kopo akalilaani lakini akalitumia. Amezitia kwenye vikombe vidogo vya karatasi, amevipanga juu ya meza, mahamri pembeni. Kifungua mimba ameketi mlangoni na pasipoti yake, ameongeza kwa kalamu ukurasa wa Lamu. Wote tuliingia bure. Baba yao alitozwa dola 8.