Siku Moja Nyuma ya Kanga na Kwale, Sikonge

Simu yangu iliita saa 10:30 alfajiri, kabla hata majogoo ya jirani hayajawika, na aliyepiga alikuwa mmoja wa wawindaji watatu kutoka Tabora mjini ambao leo ningeambatana nao hadi eneo la wazi la uwindaji lililo kusini mwa kijiji chetu. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Siku kama hii sibebi bunduki; kazi yangu ni kukagua leseni, kuonyesha mipaka, kuhesabu ndege walioanguka na kuandika yote daftarini. Nilikunywa chai kwa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyobaki jana usiku, nikachukua panga na dumu la maji, nikatoka.

Saa 11:45 tulikutana chini ya mwembe ulio karibu na ghala la tumbaku. Mzee anayetusaidia kufuata nyayo, ambaye ni msasi wa siku nyingi, alikuwa amefika kabla yetu sote. "Mwangaluka, babu," nilimsalimu, naye akaitikia huku akimtazama kijana mmoja aliyevaa fulana nyeupe. Alimwambia aivue au aifunike, kwa sababu kanga ana macho kuliko sisi sote tukijumlishwa. Nilisoma leseni moja baada ya nyingine, maana kila leseni hutaja aina ya ndege na idadi yake. Yule kijana aliuliza, "Kwani ndege nao wanahesabiwa, kaka?" Nikamjibu kwamba wanahesabiwa, tena mmoja mmoja.

Tulishuka garini saa 1:05 asubuhi, jua likianza kupenya katikati ya miombo. Huu ni Agosti, nyasi nyingi zimeshaungua, na ndege wanaonekana kirahisi kuliko wakati wa mvua. Wengine hudhani msimu umewekwa kiangazi ili wawindaji wapate barabara kavu. Hilo nalo limo, lakini la msingi zaidi ni kwamba kanga na kwale wengi wa huku hutaga na kulea makinda wakati wa mvua, ambazo kwetu hunyesha kama Novemba hadi Aprili. Anayemuua kanga Januari huenda anaacha kiota kizima cha mayai kikipoa.

Waliotukaribisha walikuwa kwale. Kwale haonekani, husikika. Wawili huitana alfajiri kwa sauti ya kukwaruza, halafu kimya. Unatembea ukidhani wameshahama, kumbe wamelala chini, rangi yao na ya majani makavu ni moja, na wanasubiri mpaka kiatu chako kikaribie kuwakanyaga ndipo waruke kwa kishindo cha mabawa. Mwindaji wa kwanza alishtuka, akapiga marisau (risasi za chembechembe) mbele ya mti, na yule kwale akapita nyuma ya mti huohuo. Watatu hao walifyatua risasi 7 kabla kwale wa kwanza hajaanguka, nao walicheka kila mara walipokosa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini watu hawa huacha vitanda vyao mjini: mnyama mkubwa humfuata mwindaji akilini siku nzima, lakini kwale humpa nusu sekunde tu, na nusu sekunde hiyo ndiyo anayoilipia. Mimi mwenyewe, ningeulizwa, ningemchagua kwale kuliko ndege wote. Marehemu baba alikuwa akiwatega kwa tanzi zamani, naye alisema hakuna anayekutia aibu kama yeye.

Kanga tuliwapata saa 2:10, kundi la ndege kama 40 wakichakura kwenye shamba la karanga lililokwisha kuvunwa. Wakati wa mvua kanga hutawanyika wawili wawili, lakini kiangazi hujikusanya makundi makubwa, na kundi kubwa lina walinzi wengi. Mmoja alipiga kelele, na wote wakaanza kukimbia. Hawakuruka. Kanga huamini miguu yake kwanza, na akiwa ardhini humshinda mtu yeyote mbio, hasa mtu wa ofisini aliyebeba bunduki ya kilo 3. Yule kijana alitaka kuwapiga wakiwa wamebanana chini. Mzee alimshika bega: "Mjukuu wangu, risasi moja itawaua wanne na kuwajeruhi sita, na hao sita utawaona wapi?" Badala yake aliwapanga watatu hao kama mundu, kisha yeye mwenyewe, na umri wake wote huo, akakimbia kuelekea kundi akipiga makofi.

Kanga wakaruka kwa makelele yasiyoelezeka, wakavunjika makundi, wakatua kichakani upande wa pili wa korongo. Ujanja wenyewe ni huo, kwa kuwa kanga akishatengwa na wenzake hubadilika tabia, akajificha na kutulia kama kwale, kisha huruka mmoja mmoja unapomkaribia. Kwa saa moja na nusu iliyofuata walipata kanga 5. Nilimwonyesha kijana jinsi ya kutambua jike, kwa kuwa dume na jike hufanana madoa hadi kichwani. Jike ndiye mwenye mlio wa silabi mbili unaorudiwarudiwa. Mzee alipapasa pembe ya kichwani ya kila mmoja. Wenye pembe fupi ni vijana, nyama yao huiva upesi. Wazee watatu kati ya wale watano walihitaji sufuria, kuni nyingi na subira.

Joto lilitukalisha chini saa 5:30. Ndorobo, yaani mbung'o, walikuwa wengi, na sina la kuongeza kuhusu hilo. Juu ya mkuyu ulio karibu ninga, aina ya njiwa, walikuwa wakila tini. Walikuwa wengi, lakini kwa rangi yao ya kijani tuliwatambua kwa maganda yaliyokuwa yakidondoka tu. Mkubwa wa wawindaji alisema yeye hupenda bata bukini kuliko wote, kwa sababu dume lake laweza kufika kilo 6 na mtu humngojea kwa saa nzima akiwa amekaa matopeni. Nilimkumbusha kwamba huko kwenye ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyotambuliwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, yupo pia korongo domo-kiatu, ndege mkubwa na adimu, na kwamba mtu asiyejua kutofautisha ndege kwa mbali asiende na bunduki.

Saa 10 alasiri walisimama kwenye njia ya njiwa, kati ya mashamba ya mtama na bwawa. Risasi 15, njiwa 3. Tuliendelea.

Jambo lililonichosha lilitokea saa 12:55 jioni, tukirudi garini. Kanga walikuwa wakipanda mtini kulala, mmoja baada ya mwingine, weusi dhidi ya anga, karibu kiasi cha kuwagusa kwa fimbo ndefu. Kijana aliinua bunduki. Nilisimama mbele yake na kumwambia kwamba giza linaingia na kuwinda usiku kumekatazwa, nami siandiki daftarini ndege aliyepigwa usingizini. Alinuna mpaka kijijini. Mkubwa wao hakusema neno, ila aliitoa risasi kwenye bunduki yake na kuitia mfukoni.

Saa 2 usiku niliandika: kanga 5, kwale 4, njiwa 3; maganda ya risasi yaliyookotwa 46. Waliniachia kanga mmoja, tena mzee. Mke wangu alimbandika jikoni kwa chumvi na vitunguu, akaacha karanga zilizosagwa za kutia baadaye, akaniuliza kama ninadhani ataiva leo. Nilimwambia watoto wale ugali kwa mlenda, walale.