Ndoo Mbili Zinatosha: Kutenganisha Taka Nyumbani Dar es Salaam

Ushauri mwingi kuhusu kutenganisha taka nyumbani huanza na mapipa matatu au manne ya rangi mbalimbali, kila moja likiwa na kazi yake. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, ambako jiko ni finyu na uani hupatumia wapangaji kadhaa, ushauri huo humchosha mtu kabla hajaanza. Kwa maoni yangu, mgawanyo wenye maana hapa kwetu ni mmoja tu: kinachooza kikae peke yake, na kisichooza kikae peke yake. Ndoo mbili zinatosha, tena hata zile za rangi ya kupaka ukuta zilizokwisha kazi.

Sababu yake inaonekana ukiunyanyua mfuko wa taka wa nyumba yoyote inayopika. Uzito mkubwa ni maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, mashina ya mchicha na makombo ya ugali. Vitu hivyo vikichanganywa na vingine huviharibu vyote, kwa kuwa karatasi iliyolowa mchuzi haina mnunuzi na chupa yenye mabaki yanayonuka hakuna anayependa kuishika. Kisha vikifikishwa dampo la Pugu Kinyamwezi na kufunikwa na taka nyingine, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha joto angahewa kwa zaidi ya mara 25 ya kabonidioksidi katika kipindi cha miaka 100.

Nyumbani, taka hizohizo zikipata hewa hugeuka mboji. Mimi hutumia pipa kuukuu lililotobolewa matundu ubavuni na chini, likiwa limeinuliwa juu ya matofali ili maji yachuruzike. Kila tabaka la taka za jikoni hufunikwa kwa tabaka nene zaidi la vitu vikavu, kama vile majani yaliyofagiliwa uani, maranda kutoka kwa fundi seremala au maboksi yaliyochanwachanwa. Vikavu hivyo ndivyo wengi wanavyovisahau, halafu wakasingizia mboji kwamba inanuka, ilhali harufu ni dalili kwamba rundo limelowa mno na hewa haipenyi. Dawa yake ni kuongeza maranda na kuligeuza. Nyama, mifupa na utumbo wa samaki sivitii kabisa, kwa sababu huita panya, na vifuu vya nazi navyo huchelewa mno kuoza, hivyo ni heri viende jikoni kuwashia moto. Kwa joto la pwani, rundo linalogeuzwa mara kwa mara huwa mboji katika muda wa miezi miwili hadi mitatu. Wakati wa masika ni lazima lifunikwe. Asiye na nafasi ya pipa amtafute jirani anayefuga kuku au bata, maana maganda na makombo hayo kwake ni chakula cha mifugo.

Ndoo ya pili haina kazi kubwa, kwani soko lake lipo tayari. Waokota makopo wanaopita mitaani na viroba vyao wanazijua plastiki kuliko wengi wetu: chupa za maji huziweka kando na madumu na ndoo zilizopasuka, kwa kuwa kila aina huyeyushwa peke yake na ina bei yake. Hata kifuniko cha chupa ni plastiki tofauti na chupa yenyewe. Vikishasagwa na kutiwa majini, vipande vya kifuniko huelea na vya chupa huzama. Makopo ya alumini yana thamani zaidi, kwa sababu kuyayeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza alumini kutokana na madini yake. Sisi tunachodaiwa ni kusuuza, tena kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, kisha kuvikabidhi vitu hivyo mkononi kwa mwokotaji, badala ya kumwachia avichakure pipani mwenyewe. Sioni haya kusema kwamba watu hawa wanastahili salamu na glovu kabla ya kustahili kufukuzwa getini.

Kukabidhi mkononi kuna sababu nyingine. Guta la taka likifika, mara nyingi kila kitu hutupwa humo pamoja, na jitihada za wiki nzima huishia hapo. Kwa hiyo ni lazima utenganishaji ukamilike nyumbani, kabla ya siku ya guta. Kinachobaki kwetu ni nepi za mtoto, pakiti za biskuti zenye plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, na vipaketi vya sabuni ya unga, ambavyo mpaka sasa sijampata mwokotaji anayevitaka. Hivyo ndivyo vinavyopanda guta, na ndivyo ninavyojitahidi kuvipunguza dukani, kwa kununua sabuni ya mche na biskuti za kupima.