Mpira ulikuwa umeoza kwa ndani

Kwa miezi miwili injini ya boti yangu ilikuwa ikichemsha kila nikitoka Msasani, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya. Nikienda polepole, mshale wa joto unatulia. Nikiongeza moto, unapanda. Nilibadilisha impela, ile feni ndogo ya pampu inayovuta maji chumvi ya kupoza injini, haikusaidia kitu. Mipira inayopitisha maji hayo nilikuwa nimeibinya yote kwa mkono nikaiona mizima, ingawa ilikuwemo tangu kabla sijainunua boti.

Mzee mmoja pale ufukweni, aliyezeekea kwenye boti za uvuvi, akaniambia, "Mwanangu, mpira hauchunguzwi kwa nje. Ufungue."

Nilipima bomba la pampu, nikaenda Gerezani, Kariakoo. Mpira wa bustani ni rahisi, lakini upande wa kuvuta maji unataka wenye waya ndani, usije ukajibana. Klipu za kubania mpira nilizijaribu kwa sumaku moja moja, pamoja na skrubu zake. Zilizonasa niliziacha dukani, maana ni chuma cha kushika kutu, na chumvi haina huruma.

Kisha nikasubiri bamvua. Siku hizo maji hukupwa sana mida ya saa nne asubuhi, boti inakaa mchangani na tundu la kuingizia maji ya bahari linabaki nje ya maji. Mpira wa zamani ulikuwa umeng'ang'ania bomba. Nilishashika bisibisi niung'oe, nikaghairi: bomba likikwaruzwa, hata mpira mpya utavuja. Nikauchana kwa kisu kwa urefu wake, ukafunguka kama ganda la muhogo. Ndani, utando ulikuwa umebanduka, unaning'inia kama ulimi. Pampu ikivuta kwa nguvu, ulimi ule unaziba njia. Kumbe ndiyo sababu injini ilichemsha kwenye mwendo tu!

Ncha za mpira mpya nilizilainisha kwa maji ya moto ya chupa ya chai, nikapaka sabuni kidogo, zikaingia. Kila ncha nikaifunga klipu mbili. Chini ya maungio nikatandika gazeti kavu.

Maji yakajaa, boti ikaelea. Saa tisa gazeti lilikuwa bado kavu. Nilikwenda hadi Mbudya kwa moto mkubwa na mshale haukutikisika. Nilifurahi mno.

Mipira ya dizeli nitaibadilisha bamvua lijalo. Hiyo nitanunua ya mafuta hasa, kwani mpira wa maji hulainika ukipitishiwa dizeli.