Mkao wa Midomo

Leo ni siku ya 11 sijapiga wimbo hata mmoja. Kila jioni nakaa ukingoni mwa kitanda, natoa tarumbeta kwenye mkoba, nachomoa kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa midomoni na kukipuliza peke yake. Kinatoa mlio wa nyuki aliyenaswa ndani ya glasi. Baada ya dakika 10 nakirudisha mahali pake, napiga noti moja ya chini, ndefu, mpaka pumzi iishe. Napumzika muda uleule. Naanza tena.

Tarumbeta nimeipiga miaka 14, na kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakikandamiza kikombe midomoni ili nizifikie noti za juu. Kazi ya misuli ya mdomo nilimwachia mkono wa kushoto. Mwezi uliopita mdomo wa juu ukavimba, ukagoma. Mzee anayenifundisha alinisikiliza kwa dakika chache tu, akaninyang'anya tarumbeta taratibu kama mtu anayempokea mtoto mzigo. "Mwanangu, hapa hapazibwi kiraka. Anza upya." Nilifika nyumbani nikalia.

Ndiyo maana siku hizi namwaza sana Terence Blanchard, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani.

Muziki wake nimeupenda muda mrefu, ila sasa kuna kipande cha maisha yake nakiona kwa jicho jingine. Alizaliwa New Orleans mwaka 1962. Baba yake alifanya kazi ya bima, na kwa mapenzi yake aliimba opera kwa sauti ya baritoni. Mtoto alianza piano akiwa na miaka 5, akahamia tarumbeta akiwa na miaka 8 baada ya kumsikia Alvin Alcorn, mpiga tarumbeta wa mji huohuo. Ndugu wawili wanamuziki, Wynton na Branford Marsalis, walikuwa marafiki zake wa utotoni. Mwaka 1982 Wynton alipoondoka kwenye kundi la Jazz Messengers la mpiga ngoma Art Blakey, nafasi yake aliichukua Blanchard. Alikuwa na miaka 20, na mahali aliposimama walikuwa wamekwisha kusimama wapiga tarumbeta mashuhuri Lee Morgan na Freddie Hubbard. Blakey hakuridhika na vijana wa kupiga tu, alitaka watunge. Nadhani mtunzi tunayemjua leo alianza kuiva palepale.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa hajafika 30 na jina tayari analo, ikambidi asimame ili abadilishe mkao wa midomo yake.

Asiyepiga tarumbeta anaweza kuipita sentensi hiyo bila kushtuka. Mimi hunikaba koo. Tarumbeta haina uzi wala ulimi wa tete. Kinacholia ni mdomo wenyewe, shaba inaukuza tu ule mtetemo. Ile noti ya La ambayo okestra nzima hulinganishia sauti ni mitetemo 440 kwa sekunde, maana yake midomo ifunguke na kufunga mara 440 kabla hujamaliza kutamka neno "sekunde". Kazi hiyo inafanywa na nyama laini, yenye damu, inayochoka. Ukiikandamiza, damu haipiti vizuri. Ukiendelea hivyo miaka, inaumia. Na ukisogeza kikombe kidogo tu, hata upana wa punje ya mchele, kila ulichokijua kinapotea. Vidole vinakumbuka wimbo, masikio yanausikia, mdomo haujui pa kuanzia. Mpigaji wa Blakey kurudi kwenye hali hiyo! Alirudi na albamu aliyoipa jina lake mwenyewe, mwaka 1991. Nimeisikiliza mara mbili wiki hii. Natafuta kama kuna mahali mdomo unasita. Sijapaona.

Katika miaka hiyohiyo ndipo mwongozaji wa filamu Spike Lee alipomsikia. Blanchard alikuwa amekuja kupiga tarumbeta kwenye muziki wa filamu ya Mo' Better Blues ya 1990. Mwigizaji Denzel Washington anaonekana akipuliza, sauti ni ya Blanchard. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye piano akawa anapiga wimbo wake unaoitwa Sing Soweto. Lee akaupenda, kisha akamwomba auandikie sehemu za vyombo vya nyuzi vya okestra, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Alimpigia simu mwalimu wake wa New Orleans, Roger Dickerson, naye akamwambia auamini ujuzi aliofundishwa. Kutoka hapo zikafuata Jungle Fever, Malcolm X na nyingine nyingi, mpaka akateuliwa mara mbili kuwania Oscar, kwa BlacKkKlansman na Da 5 Bloods.

Lakini kazi yake ninayoishi nayo ni ile ya kimbunga Katrina. Agosti 2005 kuta za kuzuia maji zilibomoka na takriban asilimia 80 ya New Orleans ikafurika. Spike Lee alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu msiba huo, Blanchard akaandika muziki wake, na ndani ya filamu hiyohiyo anaonekana akimsindikiza mama yake kwenye nyumba iliyoharibiwa na maji. Mama anaingia, anatazama, anavunjika. Mwanawe yuko kando yake. Muziki huo aliukuza ukawa albamu ya maombolezo, A Tale of God's Will, iliyotoka 2007 na kupata Grammy. Humo tarumbeta inapanda mpaka inakuwa kilio cha mtu, nyuzi zimetulia chini yake kama maji yasiyotaka kuondoka. Siwezi kuisikiliza huku nikifanya kazi nyingine. Naacha vyote, nakaa.

Na ile sauti ya baba haikupotea. Septemba 27, 2021, Metropolitan Opera ya New York, iliyoanzishwa 1883, ilifungua msimu wake baada ya miezi 18 ya janga la korona kwa opera ya Blanchard, Fire Shut Up in My Bones, ambayo maneno yake yaliandikwa na Kasi Lemmons. Ilikuwa opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kuonyeshwa hapo. Miaka 138! Watunzi weusi walikuwepo muda wote huo, wakiandika. Mlango ndio uliokuwa umefungwa, na jambo hilo linaniuma hata ninapofurahi. Champion, opera yake kuhusu bondia Emile Griffith, ikafuata hapo 2023.

Saa imefika. Leso ipo mapajani, kikombe nimekipasha moto kiganjani. Mkono wa kushoto nimeulegeza, unashika tu, hausukumi. Nimepiga Sol ya chini. Ya kwanza ilikatika. Ya pili ilitoka na upepo mwingi. Ya tatu imekaa sekunde 22 kabla ya kutetemeka, na mdomo hauumi.